Anayetwanga Kichwani

Mashavu alianza kumsikia mtu anatwanga mwaka ule wa njaa, miezi michache baada ya watu wa Kwamvule kuhamishiwa kijiji kipya upande wa Misima. Alikuwa ameinama kwenye shamba la ujamaa, jua la mchana limekaza, ndipo sauti ikaja: du, du, du. Akainuka, akageuka. Wanawake wenzake walikuwa wakipalilia mistari yao, na hapakuwa na aliyeshika mchi. Nyumba zenyewe zilikuwa mbali, hata jogoo wa huko hawakusikika.

"Nani anatwanga saa hizi?" aliuliza.

"Atwange nini?" jirani yake akamjibu. "Mahindi yenyewe ya kutwanga yako wapi?"

Wakacheka, na Mashavu naye akacheka, akainama tena. Sauti ikarudi, na safari hii akaitambua. Kila mwanamke ana namna yake ya kutwanga, kama alivyo na namna yake ya kutembea. Huyu alikuwa anainua mchi juu, anaukawiza kidogo, kisha anaushusha kwa uzito wa mwili mzima. Mashavu alikuwa amekua na sauti hiyo masikioni. Ilikuwa ya mama yake, Bi Mwanaidi, na Bi Mwanaidi alikuwa kaburini.

Kifo hicho kila mtu pale kijijini alikuwa na habari zake. Operesheni ya kuwahamishia watu vijiji vipya ilipofika Kwamvule, lori lilisimamishwa kwenye uwanja na watu wakaambiwa wapakie vyombo. Wengi walipakia, wakinung'unika. Bi Mwanaidi alikaa mlangoni akasema yeye hatoki. Wazazi wake wamelala nyuma ya nyumba. Akiondoka, nani atawafyekea? Viongozi wakabembeleza, wakakaripia, mwisho wakaanza kuezua mapaa ili mtu asipate pa kurudi. Ndipo mwanawe wa kwanza, Isihaka, kaka yake Mashavu, aliyekuwa balozi wa nyumba kumi, alipomwinamia mama yake, akambeba mgongoni kama abebwavyo mtoto, akampandisha kwenye lori. Mama akawa anampiga ngumi za mabegani. Hawakufika mbali. Mdomo wa mama ukaenda upande, mkono ukalegea, na kabla lori halijaingia kijiji kipya alikuwa amekata roho, kichwa chake begani kwa Isihaka.

Wakamzika pale pale. Kijiji kilikuwa hakijapata kisima wala msikiti, lakini kaburi tayari kilikuwa nalo, moja, peke yake, kwenye ardhi ambamo hakuna wa ukoo wake aliyewahi kulala.

Tangu siku ile Mashavu hakumwamkia tena kaka yake. Wakikutana njiani yeye hushika ukingo mmoja na Isihaka mwingine. Watoto wa Mashavu walikatazwa kwenda kwa mjomba. Isihaka hakujitetea. Aliacha ubalozi, akakonda, akawa mtu wa kukaa mbele ya nyumba yake na kuangalia chini.

Na yule mtwangaji hakuacha. Alikuja wakati Mashavu akiinama kuchota maji, akipanda kilima, akikasirika na watoto. Siku nyingine kisogo kilimuuma hata macho yakaona vimulimuli. Wazee wa kike walipoulizwa hawakusitasita: mizimu ya Kwamvule imeachwa bila mtu, na mama wa watu amelazwa ugenini. Anadai arudishwe kwao. Mumewe Mashavu, Mhina, alikuwa mkata mkonge huko Mazinde, na aliporudi mwisho wa mwezi akasema ni njaa tu. Lakini alisema hivyo akiwa anaangalia pembeni.

Asubuhi moja Mashavu aliwaachia watoto uji, akajifunga kanga mbili, akaenda Kwamvule kuomba radhi.

Njia ilikuwa imeanza kumezwa na nyasi. Alifika jua likiwa utosini. Nyumba zilisimama bila mapaa, kuta zimelambwa na mvua chache zilizonyesha, na ndani ya vyumba walimolala watu magugu yalikuwa yamefika kiunoni. Hakukuwa na ndege. Nyuma ya nyumba ya mama yake alipiga magoti kwenye makaburi ya babu na bibi, akang'oa majani kwa mikono, akasema aliyokuja kusema: kwamba wamsamehe, kwamba hawakuondoka kwa kupenda, kwamba wampokee binti yao hata kama hawezi kurudi.

Alipoinuka akakiona kinu. Kilikuwa pale pale uani, kwa sababu lori lilikosa nafasi, na mchi ulikuwa umeegemezwa ukutani kama Bi Mwanaidi alivyouacha. Ndani ya kinu kulikuwa na maji meusi ya mvua. Mashavu akaanza kumsikia. Du. Du. Du. Sauti ilikuwa kubwa kuliko siku zote. Alikuwa anakitazama kinu chenyewe, kimetulia, maji yake hayatikisiki, na bado mtu alikuwa anatwanga ndani yake.

"Mama," alisema, "nimekuja. Unataka nini?"

Akakiinamia kutazama ndani. Tone jekundu likaanguka kwenye maji, halafu jingine. Mashavu hakuelewa kwamba ni pua yake inayotoka damu. Aliona tu kinu cha mama yake kinajaa wekundu, akaanguka kando yake.

Aliyemkuta ni Moringe, mfugaji aliyekuwa akilisha ng'ombe kwenye mashamba yaliyoachwa. Alimnyanyua, akamlaza kivulini, akamziba pua kwa kanga yake. "Yeyo," alimwita, kama Wamaasai wanavyomwita mama mtu mzima, "huku haishi mtu. Umefuata nini?"

"Mama yangu anatwanga," Mashavu akajibu. "Humsikii?"

Moringe akatega sikio kwa heshima. Mwisho akasema, "Nasikia ng'ombe wangu tu."

Akamwongoza hadi barabarani, yeye mbele, Mashavu ameshika ncha ya fimbo yake. Lori lililotokea lilikuwa tupu, likienda Korogwe kupakia singa za mkonge. Mashavu alipoona lori akakataa. Akakaa chini vumbini na kusema yeye haingii humo, watu wa kwao wakiingia humo hawatoki wazima. Dereva akataka kuondoka. Moringe akapanda yeye kwanza nyuma, akakaa, akampa mkono. "Tazama, mimi nimepanda, nami sijafa," alisema. Ng'ombe akamwachia ndugu yake aliyekuwa upande wa pili wa bonde, akimpigia ukelele. Mashavu alipanda, akafumba macho mpaka Korogwe.

Hospitalini alipokelewa na nesi wa makamo aitwaye Rosa, Msambaa, mwenye sauti ya chini na mikono ya baridi. Rosa alimshika kifundo cha mkono, akatazama saa yake. Kisha akamviringishia mkanda wa kitambaa juu ya kiwiko, akabinya mpira, na mkanda ukamkaba hata Mashavu akadhani mkono utakatika. Pembeni, ndani ya bomba la kioo, uzi wa zebaki ulipanda juu, ukasimama, ukaanza kushuka taratibu. Rosa akasikiliza. Uso wake haukubadilika, ila aliupima tena mkono ule ule, halafu ule wa pili.

"Mama, kichwa kinakuuma tangu lini?"

Mashavu alikuwa amechoka kuficha. Akamweleza yote: shamba, mchi, kinu chenye maji, Bi Mwanaidi. Alingoja achekwe. Rosa hakucheka. Alitoa mipira ile masikioni mwake, akaiweka masikioni mwa Mashavu, na kile kibati chake cha duara akakiweka kwenye kifua cha Mashavu, kushoto.

"Sikiliza."

Du. Du. Du. Mashavu aliruka karibu aanguke kutoka kitandani.

"Ni yeye! Unamsikia? Ndiye yeye!"

"Ni wewe," Rosa akasema. "Huo ni moyo wako."

Mashavu akashika kifua. Hofu haikumtoka, ilibadilisha mahali tu. Siku zote alidhani anafuatwa na kitu kilicho nje, kitu ambacho mtu anaweza kukikimbia au kukiombea radhi. Kumbe kilikuwa ndani, kikitwanga humo humo alimo.

Rosa akavuta kigoda, akamfafanulia bila haraka. "Nilipokushika mkono nilikuwa nahesabu mapigo, moyo unapiga mara ngapi. Yako si mabaya. Lakini mapigo hayaniambii moyo unasukuma damu kwa nguvu gani. Mtu anaweza kutwanga polepole na bado akapasua kinu. Nguvu hiyo ndiyo presha, na ndiyo inayopimwa na huu mkanda. Inatoa namba mbili. Ya juu ni pale moyo unapojikamua, mchi unapogonga. Ya chini ni pale moyo unapojilegeza ili ujae tena, mchi uko hewani."

"Na zangu?"

"Ya juu ni mia mbili na kumi. Mtu wa umri wako tungependa iwe mia na ishirini, mia na thelathini. Lakini hii ya chini nayo sikuipenda. Ingekuwa themanini hivi. Yako imepita mia na ishirini. Maana yake hata moyo ukipumzika, mishipa yako haipumziki."

Mashavu akajishika kichwa. "Mama naye alisema hivyo hivyo," akasema. "Kwamvule, kabla ya lori. Alikuwa anajifunga kichwa kwa kanga, anasema kuna mtu anamtwangia humu. Tukamchemshia majani. Tukasema uzee."

"Akaenda mdomo upande?"

"Nani kakwambia?"

Rosa akainuka kumwandalia kitanda.

Walimlaza, wakampa vidonge vilivyomfanya aende chooni kila mara, wakamwambia aache chumvi na samaki mkavu. Habari zikamfikia Mhina Mazinde, na kupitia kwa watu wa mabasi zikafika kijijini. Siku ya tatu mlango wa wodi ulifunguka akaingia Mhina, na nyuma yake Isihaka, kofia mkononi.

Mashavu akageukia ukutani.

"Mimi nimekuja kukujulia hali tu, dada," Isihaka alisema. "Nitaondoka."

"Ngoja kwanza," Rosa akasema. "Wewe na huyu ni tumbo moja? Kaa hapo."

Isihaka akasema yeye ni mzima, hajaumwa kichwa tangu azaliwe. Mwenyewe akajishika mkono kama alivyowahi kuwaona manesi wakifanya, akasema, "Mbona mapigo yangu yanakwenda polepole tu." Rosa akamfunga mkanda. Mashavu, ambaye alikuwa ameapa kutogeuka, aliusikia mpira unabinywa, unabinywa, na hauachi kubinywa. Akageuka. Uzi wa zebaki ulikuwa umepanda juu kuliko alikouona wake ukifika.

"Umenipita," alimwambia kaka yake. Hayo yakawa maneno ya kwanza baada ya karibu mwaka mzima.

"Lakini sisikii kitu," Isihaka akasema.

"Wengi hawasikii," Rosa alisema. "Dada yako ana bahati, ya kwake imempigia kelele. Presha haina adabu ya kubisha hodi."

Isihaka alipewa vidonge kwenye bahasha ndogo ya karatasi. Aliviangalia, akaviweka kando ya kitanda. "Wapeni wengine," akasema, akatoka nje. Mhina alimfuata, hakumpata.

Mashavu akamgeukia Rosa. "Nesi, mama yangu aliuawa na lori au na presha?"

"Siwezi kumpima aliye kaburini, mama."

"Nieleze tu unavyofikiri."

Rosa akakunja mkanda wake polepole. "Mishipa yake inaonekana ilikuwa imechoka siku nyingi. Hasira na hofu navyo hupandisha presha. Huenda angekufa palepale mlangoni kwake wiki ile ile. Huenda angeishi miaka. Mtu akikwambia anajua, anakudanganya."

Mashavu alikuwa ametaka jibu moja kati ya mawili, lolote. Hilo la tatu lilikuwa zito kuliko yote.

Aliporuhusiwa, Mhina alimpandisha basi la Handeni, akarudi kazini. Isihaka, ambaye kumbe hakuwa ameondoka mjini, alikuwa ndani ya basi hilo hilo, kiti cha nyuma kabisa. Wakashuka njia panda, wakaanza kutembea kwenda kijijini, kila mmoja na ukingo wake wa njia, kama ilivyokuwa desturi yao. Walipofika mahali njia inapopanda, Mashavu akasimama kuvuta pumzi. Akatoa ile bahasha ya karatasi kwenye pindo la kanga yake.

"Kwa nini hutaki kumeza?"

"Niache, dada."

"Unataka kufa?"

Isihaka aliketi kwenye ukingo wa njia. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, lakini aliketi kama mtoto aliyechapwa.

"Wewe ulipanda mbele, pamoja na watoto," alisema. "Hukuona. Nilipombeba mama, kifua chake kilikuwa mgongoni kwangu. Moyo wake ulikuwa unanigonga, Mashavu. Unanigonga kama mtu aliyefungiwa ndani anayetaka kutoka. Nikadhani ni hasira, nikasema zitaisha. Kwenye lori nikaendelea kumshika hivyo hivyo mgongoni, nikiogopa nikimweka chini ataruka. Ukagonga, ukagonga, halafu ukawa unakosea. Halafu ukaacha. Nilijua kabla yenu nyote. Nilikaa kimya mpaka lori liliposimama, kwa sababu sikujua nitasema nini." Akajishika bega. "Bado uko hapa. Sijaweza kulala chali tangu siku ile. Sasa kama na mimi nina ugonjwa huo, acha unichukue. Ni haki ya mama."

Mashavu alikuwa na mengi aliyoyaweka akiba kwa ajili ya siku hiyo. Alikuwa ameyapanga shambani, akiwa ameinama, maneno makali ya kumwambia mtu aliyemuua mama yake. Alipoyatafuta hakuyapata. Aliona tu mtu aliyekuwa wa mwisho kuusikia moyo wa mama yao.

"Nesi hajui," alisema. "Nilimuuliza. Hajui kama ni wewe."

"Na wewe?"

"Mimi pia sijui. Sitakudanganya, kaka. Kuna siku nitakukasirikia tena." Akafungua bahasha, akamwekea kidonge kimoja kwenye kiganja. "Lakini ukifa nitamnunia nani? Sina mwingine. Meza."

Maji hayakuwapo. Isihaka alikitia mdomoni kidonge, akakitafuna kwa uchungu wake wote, uso umekunjamana, machozi yanamtoka, na haikujulikana kama ni ya kidonge. Mashavu akamsubiri mpaka alipomeza. Ndipo akasema, "Shikamoo, kaka," na Isihaka akaitikia kwa sauti iliyokatika katikati.

Kuanzia hapo wakawa wanakwenda Korogwe pamoja kila dawa zilipokaribia kuisha. Mara nyingine walifika wakaambiwa hazipo, wakarudi mikono mitupu, wakajaribu tena wiki nyingine. Watoto waliruhusiwa kwa mjomba. Isihaka alinenepa kidogo, akaanza kulima. Mdomoni mwake hakutia chumvi tena, na wakeze walilalamika kwamba mboga zake zina ladha ya maji ya mtoni. Watu wengine wa Kwamvule, walipowaona wale wawili wanakwenda na kurudi, nao wakaanza kwenda kupimwa. Waliporudi, mazungumzo mbele ya nyumba yakawa ya namba, ya juu yangu ni hii, ya chini yangu ni ile, kama watu wanaosimuliana habari za mvua.

Mwaka uliofuata, baada ya masika, Rosa alimfunga Mashavu mkanda, akasikiliza, akatabasamu. "Mia na thelathini kwa themanini na mbili. Mapigo sabini na nne. Mama, leo umetulia kama maji ya mtungini."

Mashavu hakutabasamu. "Pima tena."

Rosa akapima tena. Namba zikawa zile zile.

"Nesi," Mashavu akasema kwa sauti ya chini ili waliokaa kwenye benchi wasisikie, "mbona sasa hivi namsikia?"

Rosa akatoa mipira masikioni. Akamshika kifundo cha mkono, akakaa hivyo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, huku akimtazama. Nje mtu alikuwa anaita jina la mgonjwa.

"Sijui, mama," alisema hatimaye. "Unayemsikia si moyo wako. Hayo tu ndiyo niwezayo kukwambia. Endelea na dawa."

Mashavu akashukuru, akafunga kanga yake, akatoka. Isihaka alikuwa amekwisha kupimwa, anamngoja kivulini karibu na stendi, na karanga kwenye koni ya karatasi. Akamsogezea nafasi kwenye benchi.

"Wamesemaje?"

"Nzuri. Nzuri kuliko yako."

Isihaka akacheka, akammiminia karanga mkononi. Wakala. Baada ya muda akamtazama dada yake, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa upande, karanga zimesahaulika kiganjani.

"Mbona hivyo? Si umesema ni nzuri?"

"Si kitu," Mashavu akasema. "Nasikiliza kama basi linakuja."